Neptuni kwenye mita ya 30: uchambuzi wa onyesho la mwanga linaloitikia mkono

Ukumbi ni mwembamba, wa kupita watu, wenye urefu wa mita 32 na mlango wa kioo upande wa kuingilia. Kilichotakiwa ni ukuta mmoja uonyeshe mfumo wa Jua kwa mwanga mtupu, bila skrini wala projekta, na mgeni auamshe kwa mkono wake. Jibu likawa mstari mmoja wa LED wa mita 31, pikseli 1,860, uliolala ukutani kwa kimo cha mita 1.1, pamoja na kisanduku cheusi chini ya Jua ambacho mgeni huweka mkono juu yake. Vifaa vyenyewe ni vya kawaida. Ugumu ulikuwa katika muda: mwanga wa angani, pamoja na kasi yake yote, huchukua saa nyingi kuvuka mfumo wa Jua, na mgeni hawezi kukaa hata sekunde moja bila kuona jibu. Uchambuzi huu unafuata hasa namna mambo hayo mawili yalivyopatanishwa.

Kipimo

Mita 1 ya ukuta ni kizio kimoja cha astronomia, yaani wastani wa umbali kati ya Dunia na Jua, kilomita milioni 149.6. Neptuni iko vizio 30.07 kutoka kwenye Jua, kwa hiyo mfumo wote unaenea ukumbini bila kubanwa. Maonyesho mengi hubana umbali ili kila sayari ipate nafasi sawa na jirani yake, na hapo ndipo jambo lenyewe linapopotea. Mfumo wa Jua ni mtupu, na utupu huo ndio unaostahili kuonekana. Sayari nne za kwanza zimesongamana ndani ya mita moja na nusu hivi. Baada ya Mirihi mgeni anatembea zaidi ya mita tatu na nusu ndipo akute Mshtarii, na kati ya Urano na Neptuni kuna karibu mita 11 za ukuta usio na kitu. Wanaogharamia kazi huomba utupu huo ujazwe. Usijazwe.

Mkanda una pikseli 60 kwa mita, sawa na milimita 16.7 kutoka pikseli moja hadi nyingine. Ukihesabu kutoka kitovu cha Jua, Utaridi ni pikseli ya 23, Zuhura ya 43, Dunia ya 60, Mirihi ya 91, Mshtarii ya 312, Zohali ya 575, Urano ya 1,152 na Neptuni ya 1,804. Huu ni umbali wa wastani. Mirihi peke yake husogea kati ya vizio 1.38 na 1.67, sawa na sentimita 29 za ukuta huu.

Ukubwa wa sayari haukuwezekana kufuata kipimo hicho. Jua lingekuwa duara la milimita 9.3, Mshtarii chini kidogo ya milimita 1, na Dunia milimita 0.085. Pikseli moja ina upana wa milimita 5, tayari ni mara tano ya Mshtarii. Basi kila sayari ikapewa pikseli moja tu, Jua likapewa tundu la milimita 9 lenye pikseli nyuma yake, na kibao cha maelezo kikasema wazi kwamba umbali ndio unaofuata kipimo, si ukubwa wa nukta.

Muda: mahali toleo la kwanza liliposhindwa

Mwanga huchukua sekunde 499, yaani dakika 8 na sekunde 19, kuvuka kizio kimoja. Kwa kipimo cha ukuta huu ni milimita 2 kwa sekunde. Ungehitaji zaidi ya sekunde 8 kusogea pikseli moja, na saa 4 na dakika 10 kufika Neptuni. Hakuna mgeni atakayeona kitu kikisogea. Kwa hiyo mpigo wa mwanga unaotoka mkononi mwake uliharakishwa mara 499, ukawa mita 1 kwa sekunde. Kasi hiyo ina faida ya kusomeka kichwani: kila sekunde unayohesabu ni dakika 8 na sekunde 19 za safari halisi, na Neptuni ni sekunde 30. Mtu mzima hutembea kati ya mita 1.2 na 1.4 kwa sekunde, kwa hiyo anaweza kuupita mpigo, kusimama kwenye Zohali na kuusubiri. Lilijadiliwa wazo la kuupa mita 1.5 ili usipitwe, likaachwa, kwa sababu mtu anayesubiri mwanga umfikie ameshaelewa nusu ya onyesho bila kusoma neno.

Toleo la kwanza lilikuwa na uhusiano mmoja tu: mkono ukionekana, mpigo unaondoka. Katika majaribio wageni waliweka mkono, wakageuza macho mara moja kuelekea mwisho wa ukumbi, wakaona giza, wakaweka mkono tena, na tena. Ndani ya sekunde kumi mstari ulijaa mipigo iliyofuatana bila mpangilio, sayari zikawaka ovyo, na aliyekuwa akifuata mpigo wake hakujua tena ni upi. Chombo kilifanya kazi sawasawa. Kwao kilikuwa kibovu.

Chanzo ni kwamba majibu mawili tofauti yalikuwa yamefungwa pamoja. La kwanza ni «mkono wako umeonekana». La pili ni «haya ndiyo yaliyotokea angani kwa sababu yake». La kwanza lazima lije ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, tena palepale mkono ulipo, kwa maana macho ya mtu wakati huo yako kwenye vidole vyake. La pili linaweza kuchukua muda wowote ambao fizikia inaudai, mradi la kwanza limeshatolewa. Yalipotenganishwa, malalamiko ya kuchelewa yaliisha ingawa kasi ya mpigo haikuguswa.

Utekelezaji wake ni huu. Juu ya kisanduku kuna pete ya pikseli 24 iliyozunguka tundu la kihisi. Mkono ukiingia, pete yote hung'aa nyeupe, hukaa hivyo kwa sekunde 0.4, kisha mwanga wake hujikusanya kuelekea ukutani. Nukta ya Jua inawaka, na mpigo unaondoka. Pete na nukta ya Jua zinaendeshwa na kidhibiti kilicho ndani ya kisanduku chenyewe, hazisubiri kidhibiti cha mstari. Hata waya wa kwenda kwenye mstari ukikatika, mgeni bado anajibiwa, na fundi anajua papo hapo kwamba kihisi ni kizima na tatizo liko mbele zaidi.

Kisha likaja suala la wingi. Mpigo mpya hauruhusiwi kuondoka kabla uliotangulia haujapita Mshtarii, yaani sekunde 5.2. Kwa mpangilio huo mstari hauwezi kubeba zaidi ya mipigo 6 kwa wakati mmoja, na kati ya mmoja na mwingine kuna giza la kutosha. Kumfungia mgeni bila kumwambia kungerudisha tatizo lilelile, basi katika sekunde hizo pete hujijaza pikseli moja baada ya nyingine, kila moja kwa sekunde 0.22 hivi. Akiweka mkono mapema, sehemu iliyojaa hutikisika kidogo kisha inaendelea kujaa. Watoto hulielewa hilo haraka kuliko mtu mzima anayesoma kibao.

Umbo la mpigo nalo lilibadilishwa. Mwanzoni ulikuwa na mkia mrefu nyuma, kwa kuwa mkia unapendeza. Matokeo yake, watu waliuita nyotamkia. Mpigo wa sasa una pikseli 9, umejaa katikati na kufifia sawasawa pande zote mbili. Unapofika kwenye sayari, sayari hupanda mng'ao kwa sekunde 0.3 na kushuka taratibu kwa sekunde 4. Kulikuwa na pendekezo la kuufanya mwanga urudi kutoka kila sayari kuelekea Dunia, jambo ambalo kisayansi ni sahihi kabisa na ndilo hutuwezesha kuziona sayari. Lilipojaribiwa, mipigo ya kwenda na ya kurudi ilipishana na hakuna aliyeweza kusoma mstari. Kisayansi halina kosa, ila si la ukuta huu.

Nukta inayokwenda kwa kasi ya kweli

Kuharakisha mara 499 kunaacha deni, na deni hilo lililipwa kwa pikseli moja. Kila siku ukumbi unapofunguliwa, nukta hafifu ya rangi ya kaharabu huondoka kwenye Jua kwa milimita 2 kwa sekunde. Inafika Duniani baada ya dakika 8 na sekunde 19, Mshtarii baada ya dakika 43, Zohali baada ya dakika 80 hivi, na Neptuni baada ya saa 4 na dakika 10. Hakuna anayeiona ikisogea. Lakini aliyepita asubuhi akaiacha karibu na Mirihi, akirudi baada ya mkutano, anaikuta imepita Mshtarii. Mipigo myeupe inaipita nukta hiyo mara mia kwa siku, na tofauti kati yao inaeleza zaidi ya kibao.

Sehemu hii ndiyo iliyodai msimbo makini kuliko zote. Nukta hukaa sekunde 8.3 kwenye kila pikseli, na ikiruka ghafla kwenda inayofuata, jicho linanaswa na mruko huo. Dawa ni kugawa mng'ao kati ya pikseli mbili jirani kadiri nafasi halisi inavyosogea. Hapo unakutana na upungufu wa biti 8, yaani mng'ao wenye ngazi za 0 hadi 255 tu. Jicho haliupimi mwanga kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo thamani hupitishwa kwenye mkunjo wa gama. Kwa gama ya 2.2 thamani zote kuanzia 0 hadi 14 hugeuka sifuri, na kwa 2.8 hata 27 ni sifuri. Nukta hafifu inayofifia kwa upole kwenye karatasi huzimika kwa ngazi ukutani. Hesabu inafanywa kwa biti 16, na salio linalobaki baada ya kukata hadi biti 8 linasambazwa kwenye fremu zinazofuata, fremu ikiwa ni picha moja ya mstari wote. Usambazaji huo una mpaka. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kusambaza salio kwenye fremu 2 kunaleta mtetemo wa mara 30 kwa sekunde ambao kwa tofauti ya ngazi moja hauonekani. Kwenye fremu 4 ni mara 15, nao unaonekana kwenye giza. Basi ni fremu 2, na nukta ikapewa mng'ao wa kuiweka juu ya eneo baya la mkunjo.

Kuna kosa jingine linalofanana na hili: kudhibiti mkondo wa umeme kwa kushusha mng'ao wa mkanda wote hadi, tuseme, 30%. Ngazi 255 zinabaki 76, na ufifizaji wote unaharibika. Katika onyesho hili kila pikseli ina ruhusa ya kufika juu kabisa. Kinachodhibitiwa ni jumla ya mkondo wa fremu nzima, inayokadiriwa kabla ya kutumwa.

Umeme

Pikseli ni za aina ya WS2812B, za volti 5. Kila moja hula hadi miliampea 60 ikiwa nyeupe kabisa, kwa hiyo 1,860 zikiwaka zote ni ampea 111.6, wati 558. Matumizi ya kawaida hayakaribii hapo: mipigo 6 ya pikseli 9, sayari 8 na nukta ya kaharabu ni pungufu ya ampea 4. Usisahau kwamba pikseli nyeusi nayo hula karibu miliampea 1, hivyo mstari ukiwa giza totoro bado unachukua ampea 2 hivi.

Mstari umegawanywa vipande vinne vya mita 7.75, pikseli 465 kila kimoja. Kila kipande kina saplai yake ya volti 5 na ampea 20, na msimbo haukiruhusu kuzidi ampea 12. Hiyo inatosha kuwasha mwanga mweupe wa wasafishaji kwa 40%. Msimbo ukiganda na pikseli zote zikabaki nyeupe, kipande kitataka ampea 27.9, saplai itajizima yenyewe, nazo fyuzi zitalinda nyaya. Kwa sababu hiyo nyaya zilipimwa kwa hali mbaya, si kwa hali ya kawaida.

Kila kipande kinalishwa umeme sehemu nne: kwenye ncha zote mbili na kwenye theluthi zake. Mkanda wa volti 5 ukilishwa upande mmoja tu kwa mita nyingi, volti hushuka njiani, na bluu hufifia kwanza kwa kuwa ndiyo pamoja na kijani inayohitaji volti kubwa kuliko nyekundu. Nyeupe ya mwishoni inakuwa ya manjano, kisha nyekundu. Saplai imefungwa katikati ya kipande, kwa hiyo waya mrefu zaidi ni wa mita 3.9. Ukiutumia waya wa milimita za mraba 0.75, kwenda na kurudi ni takriban omu 0.18, na kwa ampea 4.65 za ncha unapoteza volti 0.83. Waya wa 2.5 unapoteza 0.25. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama Neptuni itakuwa na rangi yake. Kila tawi lina fyuzi ya ampea 10 karibu na saplai, na kila kipande kina kapasita ya mikrofaradi 1,000 mahali umeme unapoingia.

Waya hasi wa saplai zote nne umeunganishwa. Waya chanya haukuunganishwa. Shaba ya upande huo imekatwa kwenye mipaka ya vipande, ili saplai moja isijaribu kuilisha jirani yake. Saplai zenyewe zimo ndani ya visanduku vya chuma vyenye matundu ya hewa na waya wa ardhi, upande wa umeme mkubwa umefanywa na fundi mwenye leseni, na mzunguko mzima unalindwa na swichi ya kukata umeme unapovuja.

Njia ya data

Pikseli moja inahitaji biti 24, sawa na mikrosekunde 30. Mstari wote kwa waya mmoja wa data ungechukua milisekunde 55.8, yaani fremu 18 tu kwa sekunde, na mpigo ungeonekana ukidunda. Kwa njia nne zinazotuma kwa pamoja ni milisekunde 14, na fremu 60 zinapatikana bila shida. Kwa mita 1 kwa sekunde na pikseli 60 kwa mita, mpigo husogea pikseli moja kamili kwa fremu. Ndiyo maana mwendo wake ni laini.

Kidhibiti, ESP32, kiko katikati ya ukumbi kwenye mita ya 15.5. Kipande cha pili na cha tatu vinaanzia hapo, kimoja kikielekea Jua na kingine Neptuni. Cha kwanza kinaanzia mita ya 7.75 kurudi nyuma, cha nne mita ya 23.25 kwenda mbele. Mishale iliyochapwa kwenye mkanda lazima ifuate mwelekeo huo, na msimbo ugeuze hesabu ya vipande viwili vya kwanza. Mpangilio huu unafupisha nyaya za data: mbili ni za sentimita chache, mbili za mita 8 hivi.

ESP32 hutoa volti 3.3, lakini WS2812B inayolishwa volti 5 inataka walau 3.5 ndipo iitambue ishara kuwa ni biti ya 1. Mara nyingi inafanya kazi mezani bila daraja lolote, na hapo ndipo watu hudanganyika. Joto likibadilika au waya ukirefuka, pikseli zinaanza kumeta rangi za ovyo. Njia fupi zinapita kwenye chipu ya 74AHCT125, inayopandisha ishara ya volti 3.3 hadi 5, na rezista ya omu 330. Njia za mita 8 zinakwenda kwa RS-485, mfumo wa kutuma ishara mbali kwa nyaya mbili, juu ya jozi ya waya wa mtandao, zikiwa na rezista ya omu 100 upande wa kupokea, kisha geti la 74AHCT125 kabla ya pikseli ya kwanza. Chagua chipu za RS-485 za megabiti 10 kwa sekunde. Zile za megabiti 2.5 ziko ukingoni kabisa, kwa sababu ishara fupi zaidi ya data hii ni mikrosekunde 0.4 hivi. Weka pia rezista ya kuvuta data chini, la sivyo kila umeme unapowashwa mstari utatema mweko mweupe kabla programu haijaamka.

Kihisi cha mkono

Ndani ya kisanduku kuna VL53L1X, kihisi cha leza ya infraredi ya nanomita 940 kinachopima umbali kwa muda ambao mwanga huchukua kwenda na kurudi. Mkono ulio sentimita 15 juu yake hurudisha mwanga baada ya nanosekunde 1. Mgeni anaianzisha safari ya mwanga kwa chombo ambacho chenyewe kinapima safari ya mwanga, na kibao kinalitaja hilo kwa sentensi moja.

Kimewekwa kwenye hali ya umbali mfupi, kipimo kimoja kila milisekunde 20. Vipimo viwili mfululizo kati ya sentimita 5 na 25 vinahesabiwa kuwa mkono. Pete inawaka ndani ya milisekunde 60 hivi. Kikomo cha chini cha sentimita 5 kina sababu: kioo cha kufunika kihisi hurudisha sehemu ya mwanga, na vumbi au alama ya kidole juu yake husomeka kama kitu kilicho karibu sana ambacho hakiondoki. Kioo kiwe chembamba, kigusane karibu kabisa na kihisi, na kipimo cha bila mkono kichukuliwe kila asubuhi. Akriliki nene iliyo sentimita mbili mbele ya kihisi haifai hata kidogo.

Mawasiliano ya I2C, ambayo kihisi hutumia kuzungumza na kidhibiti chake, hayakusudiwi kwa nyaya ndefu, kwa hiyo kihisi na kidhibiti chake viko sentimita 20 kutoka kimoja hadi kingine, na ujumbe wa baiti 4 ndio unaokwenda mita 15 hadi katikati kwa RS-485. Kwa biti 115,200 kwa sekunde ni theluthi ya milisekunde. Waifai ilikataliwa tangu mwanzo. Ukumbi ukijaa simu, ujumbe unaweza kuchelewa kwa muda usiotabirika, na sehemu ya kumi ya sekunde haina nafasi ya hilo. Juu ya kisanduku pako sentimita 72 kutoka sakafuni, na chini pako wazi kwa magoti ya anayetumia kiti cha magurudumu.

Rangi, kifuniko, usalama wa macho

Jua lilifanywa jeupe. Joto la uso wake ni kelvini 5,772, na ukilitazama kutoka nje ya angahewa ni jeupe. Rangi ya chungwa ni kazi ya hewa yetu wakati wa machweo. Nyeupe ya WS2812B ikiachwa ilivyo hupotea kidogo kuelekea bluu na kijani. Pa kuanzia pazuri ni nyekundu 255, kijani 176, bluu 240, kisha rekebisha kwa jicho ukiwa ukumbini. Neptuni nayo haikupewa bluu nzito inayojulikana. Picha za chombo cha angani Voyager 2 za 1989 ziliongezwa utofauti wa rangi, na uchambuzi uliochapishwa 2024 ulionyesha kwamba inakaribiana sana na Urano, zote zikiwa za bluu-kijani hafifu. Neptuni imezidi bluu kidogo tu.

Mkanda umo ndani ya mfereji wa alumini wenye kifuniko cha akriliki ya ukungu, milimita 20 juu ya pikseli, umbali unaofanya nukta za mpigo ziungane kuwa mwanga mmoja. Lakini kifuniko hichohicho kingezitapanya sayari, kwa hiyo mahali pa kila sayari pametobolewa tundu la milimita 5.

Mimweko zaidi ya 3 kwa sekunde inaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu. Katika sekunde ya kwanza mpigo unawasha Jua, Utaridi, Zuhura na Dunia, na kwa haraka mtu angesema kikomo kimevukwa. Mmweko ni jozi ya kupanda na kushuka. Sayari zinazoshuka kwa sekunde 4 hazikamilishi jozi hiyo, na eneo lao ni dogo mno. Kwa sababu hiyo hiyo ombi la kuweka pulsa ya Vela, aina ya nyota inayometa kadiri inavyozunguka, mwisho wa ukuta lilikataliwa: huzunguka kila milisekunde 89, mara 11 kwa sekunde, ndani ya masafa ya hatari. Ile ya kwanza kugunduliwa, aliyoikuta Jocelyn Bell mwaka 1967, yenye sekunde 1.34, ingekubalika.

Hitilafu zilizojitokeza, na sababu zake

Iliyosumbua zaidi ilionekana siku ya nne ya kuwaka mfululizo: mpigo ulianza kurukaruka, na kuzima na kuwasha kuliuponya. Nafasi ya mpigo ilikokotolewa kutokana na milisekunde tangu kuwashwa, zikiwa zimewekwa kwenye namba ya desimali ya biti 32. Namba hiyo inashika tarakimu kamili hadi 16,777,216 tu, yaani saa 4 na dakika 40 hivi. Baada ya hapo inaruka kwa 2, kisha 4, na ikivuka siku 3 hatua yake ni milisekunde 32, sawa na karibu pikseli mbili za mpigo. Suluhisho ni kuhifadhi muda kwa namba kamili na kutoa muda wa kuanza kabla ya kugeuza kuwa desimali. Ukitumia toleo la biti 32 lisilo na alama ya hasi, kumbuka linarudi sifuri baada ya siku 49.7, utoaji wa namba kamili unalivuka hilo salama, ulinganishaji wa «kubwa kuliko» haulivuki.

Umeme ulipokatika, nukta ya kaharabu ilirudi kwenye Jua na kuwadanganya waliokuwa wakiifuatilia. Iliongezwa saa ya DS3231 yenye betri; kidhibiti kikiamka kinasoma saa na kuirudisha nukta mahali pake.

Kipande cha nne kilimeta ovyo kila lifti ilipowaka: waya hasi kati ya kisanduku cha tatu na cha nne ulikuwa umelegea. Mpigo ulikwama kidogo kwenye mita ya 7.75: pikseli moja ilihesabiwa mara mbili mahali vipande viwili vinapokutana. Mtihani wake ni kutembeza pikseli moja polepole kupitia mipaka ya 464 na 465, 929 na 930, 1,394 na 1,395, ukihesabu kutoka sifuri. Urano ilikuwa ya kijani kibichi kwa sababu ya taa ya njia ya kutokea iliyo juu yake. Taa hiyo haifunikwi kamwe. Mfereji ndio uliopewa ukingo wa sentimita 4 juu.

Matengenezo ya kila wiki ni kufuta kioo cha kihisi na kuwasha mstari mzima nyekundu, kijani, kisha bluu, kila rangi kwa nusu dakika, ili pikseli iliyopoteza rangi moja ionekane. WS2812B hupitisha data kutoka moja hadi nyingine, hivyo pikseli moja ikifa, kilicho mbele yake chote kinazimika au kinaganda. Kosa linaweza kuwa katika pikseli ya mwisho inayowaka ambayo haitoi data, au ya kwanza iliyozima ambayo haipokei. Badilisha zote mbili kwa pamoja, maana kufungua mfereji mara ya pili ni kazi kubwa kuliko pikseli yenyewe. Mita 2 za mkanda wa toleo lilelile la kiwandani zimehifadhiwa kwa ajili hiyo. Mkanda wa toleo jingine, hata ukiwa na jina lilelile, huwa na nyeupe tofauti, na ukuta wenye giza hivi hauifichi.